Fundi Asifungiwe Njia

Hapa shuleni petu kuna usemi ambao siupendi hata kidogo. Mtoto akipata alama mbaya huambiwa na wenzake, "Wewe utaishia VETA," na darasa zima hucheka. Maana yake ni kwamba ufundi ni mahali pa walioshindwa, na kwamba aingiaye huko hana tena habari na vyuo vikuu. Yote mawili si kweli.

Mafunzo ya ufundi stadi yana ngazi ya 1 mpaka ya 3. Juu yake, ya 4 na ya 5 ni za astashahada, ya 6 ni ya stashahada, na ya 8 ni ya shahada. Hesabu yaenda moja kwa moja, haikukatwa katikati. Miongozo ya Tume ya Vyuo Vikuu ya miaka ya karibuni yamkubali hata mtu aliyefaulu masomo yasiyofika manne Kidato cha Nne, maadamu ana cheti cha ufundi cha ngazi ya 3, kisha akapata stashahada yenye wastani wa 3.0. Na tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo huwakopesha baadhi ya wanafunzi wa stashahada. Kwa mtoto wa Kigoma, ambaye kufika Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilometa 1,200, hilo si jambo dogo.

Basi mbona wapandao ni wachache? Wengi huacha ngazi ya 2, kwa kuwa kazi ipo. Kijana anayejua kufungua injini ya mashua hakosi wa kumwita pale Kibirizi, na nyumbani wanamtazama yeye. Simlaumu. Lakini mlango wafunguliwa na cheti cha ngazi ya 3, na aghalabu hakuna aliyemwambia.

Kizuizi kikubwa zaidi ni hesabu na Kiingereza. Fundi umeme achagua waya sawasawa kwa kuutazama tu. Mwulize kwa Kiingereza sababu yake, ananyamaza. Huko kwenye stashahada masomo yote ni kwa lugha hiyo. Na aliyetoka Darasa la Saba ana safari ndefu zaidi: yampasa afaulu kwanza Mtihani wa Maarifa, ndipo aruhusiwe kufanya ule wa Kidato cha Nne kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Mimi nafundisha hesabu, na naona vyumba vyetu vikikaa vitupu tangu saa kumi alasiri. Wanafunzi wa VETA wamo mji huu huu. Yafaa tuwaalike jioni mbili kwa juma, hesabu siku moja na Kiingereza siku ya pili. Nao watatulipa kwa ujuzi: vijana wetu wa fizikia waeleza nguvu ya wenzo vizuri sana, lakini wengi hawajashika spana.

Wengine watasema walimu wamechoka. Ni kweli, tumechoka. Kwa hiyo tupeane zamu, na wazazi watusaidie chaki na madaftari. Wala sisemi kila fundi aende chuo kikuu. Mji wa wahandisi watupu utakosa mtu wa kutia mashua kalafati. Nasema atakaye asizuiwe na jambo tuwezalo kumfundisha.

Chumba cha Kidato cha Pili kina taa nzima. Tuanze na hicho.