Mtoto Si Mtu Mzima Aliyepunguzwa

Wapo wanaoamini kwamba ubora wa chombo hupimwa kwa wingi wa vipuri vyake. Imani hiyo nimeikuta hata miongoni mwa wanafunzi wangu wa Chuo Kikuu, nami naona imetokana na jinsi tunavyofundisha sayansi: twaitaja mitambo, hatuitaji hesabu iliyoizaa.

Tuchukue mfano wa nusukaputi ya watoto. Mtu mzima huvuta kama mililita 500 za hewa kwa pumzi moja; mtoto mchanga wa kilo 3 huvuta kama 20 tu. Tuseme kifaa cha kupumulia kinabakiza mililita 10 za hewa iliyokwisha kutumika, yenye kabonidayoksaidi. Kwa mtu mzima hiyo ni sehemu moja ya hamsini ya pumzi. Kwa mtoto ni nusu. Vali nayo, ambayo mtu mzima huisukuma bila taabu, humchosha mtoto.

Mwaka 1937 Philip Ayre, daktari wa nusukaputi wa Newcastle, Uingereza, alieleza jibu lake: kibomba chenye umbo la herufi T, kisicho na vali hata moja. Tawi moja huelekea kwa mtoto, la pili huleta oksijeni na mvuke wa dawa, la tatu li wazi. Kati ya pumzi na pumzi, hewa mpya huisukuma ile chafu itoke nje. Mwaka 1950 Jackson Rees wa Liverpool akaongeza mfuko wenye tundu mwishoni, ili daktari aone pumzi za mtoto na kumsaidia kwa kuuminya.

Lakini wepesi huo una gharama. Ili hewa chafu isirudi, hewa mpya yapasa iwe mara mbili hadi tatu ya ile aivutayo mgonjwa kwa dakika. Mtoto wetu akipumua mara 40, huvuta mililita 800. Mara tatu yake ni lita 2.4. Mtu mzima apumuaye mara 12 huvuta lita 6, naye angehitaji lita 18! Mitungi ingekwisha upesi. Basi chombo kimfaacho mtoto ni hasara kwa mtu mzima, na cha mtu mzima chaweza kuwa hatari kwa mtoto.

Walimu wenzangu, hesabu hii haipiti uwezo wa kidato cha pili. Mpeni mwanafunzi aifanye kabla ya kumwonyesha picha ya mtambo. Huenda siku moja yeye ndiye atakayeagiza vifaa vya hospitali ya wilaya. Na aanze na kifua cha mgonjwa, si na mng'aro wa mtambo.