Pira biriani halipikwi bila punda

Jamani, leo niacheni niseme.

Juzi nilikuwa kijiweni maeneo ya Majengo hapa Dodoma, kahawa mkononi, kashata mezani, ubishi kama kawaida. Mzee mmoja, wa wale wanaoikumbuka CDA na Waziri Mkuu enzi zake, akatoa hukumu: "Hizi timu zenu za pasi pasi ni laini. Zipeleke kwenye uwanja mgumu, upepo unapuliza, beki anaweka bega, zimekwisha." Vijana wakamjia juu. Wakamwambia hajui mpira wa kisasa, abaki na redio yake ya mbao.

Mimi nilinyamaza, na wanaonijua wanajua hilo si kawaida yangu. Nilinyamaza kwa sababu mzee alipatia nusu, vijana nao walipatia nusu, na hakuna aliyekuwa tayari kuziunganisha.

Haya, tuanze na nusu ya mzee.

Nani amesahau Mei 15, 2021? Simba ile ya pira biriani, ya Chama na Luis Miquissone, inakwenda Soweto kucheza na Kaizer Chiefs robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Inakwenda ikiwa imeongoza kundi kwa pointi 13, mbele ya Al Ahly yenyewe, ambayo ilichapwa 1-0 kwa Mkapa. Nchi nzima tulikuwa tumeshapiga hesabu za nusu fainali. Mimi mwenyewe, na hili nalikiri hadharani, nilishawaambia washikaji kwamba Chiefs ni mteremko.

Dakika ya 6 tu, kona, Eric Mathoho kapanda juu, kichwa, goli. Mpaka filimbi ya mwisho, 4-0.

Visingizio vikaanza. Ooh, bahati mbaya. Ooh, ugenini. Ugenini gani, ndugu zangu? Ulikuwa wakati wa korona na mashabiki hawakuruhusiwa kuingia, viti vilikuwa vitupu! Hakuna aliyezomewa, hakuna aliyetishwa na vuvuzela. Tulipigwa na watu waliofika kwenye mpira kabla yetu. Basi.

Wiki moja baadaye, Mei 22, timu ile ile ikawapiga Chiefs 3-0 Dar es Salaam. Bocco mawili, Chama moja. Tukashangilia, tukasema tumetolewa kiume. Lakini mimi zile tatu ziliniuma kuliko zile nne. Maana zilionyesha kwamba kazi tulikuwa tunaiweza. Wachezaji wale wale walikimbia, wakakaba, wakagombania kila mpira. Kwa nini haikuwa hivyo tangu Soweto? Kwa sababu kule tulikwenda tukiamini pasi zitatusaidia kukwepa kazi.

Hapo ndipo penye ugonjwa. Tumeifanya pasi kuwa kibali cha kutotoka jasho.

Msidhani nawasakama Simba peke yao. Nendeni San Pedro, Ivory Coast, Januari 21, 2024, Kombe la Mataifa ya Afrika. Taifa Stars inaongoza 1-0 dhidi ya Zambia, goli la Msuva. Zambia wako 10 uwanjani tangu kabla ya mapumziko. Yaani tuna mtu wa ziada, tuna goli, tuna kipindi kizima mbele yetu. Dakika ya 88, kona. Anayepiga ni nani? Chama, yule yule tuliyekuwa tukimwimbia Dar. Patson Daka kichwa, 1-1. Usiku ule niliona watu wazima wakiinuka kwenye kibanda cha kuonyeshea mpira, wanalipia soda zao bila kusema neno.

Kona mbili, vichwa viwili. Soweto na San Pedro. Mzee wa kijiweni ana hoja.

Sasa nusu ya vijana.

Mzee anataka dawa ambayo tumekwishainywa na haikutuponya. Tafuta mabeki wa miraba minne, piga ndefu, kimbilia mbele, omba Mungu. Mpira huo tumeucheza miaka mingi. Tuliingia Kombe la Mataifa mwaka 1980, halafu tukakaa miaka 39 mpaka 2019 ndipo tukaingia tena. Mpira mrefu ukipigwa na timu isiyokimbia ni zawadi kwa mpinzani. Anaupokea, anakushukuru, anakuja nao.

Na nani kasema timu ya pasi lazima iwe laini? Hispania ya 2010 ilipiga pasi mpaka watu wakasinzia. Nusu fainali dhidi ya Ujerumani kule Durban walishinda kwa nini? Kona ya Xavi, Puyol akaja mbio kutoka nyuma akaupiga kichwa kama mtu anayevunja mlango. 1-0. Wakaenda kubeba Kombe la Dunia. Barcelona ya Guardiola nayo, sisi tulikodoa macho kwa Messi na Iniesta, hatukuangalia kilichokuwa kikitokea wakinyang'anywa mpira. Watatu wanne walikuwa wanamvamia mwenye mpira kabla hajainua kichwa. Wale hawakuwa watu wa mapozi, walikuwa wanafanya kazi kama vibarua.

Kwa hiyo swali la "pasi au nguvu" ni swali la uongo, wadau. Huwezi kupiga pasi mpira usiokuwa nao. Kuna mtu lazima akauchukue kwanza.

Mtu huyo sisi tumempa jina. Kiungo punda. Mzamiru Yassin ameitwa hivyo miaka na miaka, kwa mapenzi lakini pia kwa kicheko fulani hivi. Chama alikuwa Mwamba wa Lusaka. Mkata umeme akawa punda! Na angalieni, timu zetu mbili kubwa zilipotaka mtu wa kazi hiyo pale katikati, zilivuka mpaka. Simba wakamleta Thadeo Lwanga, Yanga wakamleta Khalid Aucho. Wote Waganda. Kina Mzamiru na Mudathir Yahya wapo, sibishi, lakini ni wachache mno kwa nchi yenye vijana wengi kiasi hiki. Hatukukosa mapafu. Tumewafundisha vijana kwamba kazi hiyo ni ya kuchekwa.

Naongea kwa uchungu kwa sababu mimi nilikuwa punda. Sekondari nilicheza kiungo. Chenga sina, kanzu sijawahi kumpiga mtu, ila nilikuwa na pumzi za kukimbia mpaka jua lizame. Mwalimu wetu wa michezo alinitambulisha kwa timu nzima: "Huyu hajui mpira, ila anakimbia." Timu nzima ikacheka, nikacheka nao. Muhula uliofuata nikarudisha jezi nikasema nina masomo. Mchezaji mkubwa labda nisingekuwa. Lakini najiuliza ni wangapi waliorudisha jezi kama mimi, na katikati yao alikuwepo Aucho wetu.

Upande wa pili ni huu. Mtaani kwetu Nkuhungu yupo dogo mwenye akili ya mpira, anapiga pasi kabla beki hajajua kama anao. Mwembamba kama ufito. Alikwenda majaribio akaambiwa "mwili huna", akarudi. Mwenye mapafu tunamcheka, mwembamba mwenye akili tunamfukuza. Sasa tunabakiza nani? Tunabakiza mwenye mbwembwe.

Na sisi waandishi tusijifanye hatumo. Nimekaa Jamhuri mara nyingi nikiwaangalia Dodoma Jiji tangu walipopanda Ligi Kuu msimu wa 2020/21. Mchezaji akipiga tobo, jukwaa linalipuka na mimi naandika jina lake kwenye daftari. Mwingine akikimbia mita 40 kurudi kuziba nafasi na mpira ukatoka nje, jukwaa kimya, na kalamu yangu kimya. Jioni naripoti nani kafunga na nani katoa pasi ya mwisho. Aliyeupora ule mpira mwanzoni hayupo kwenye habari yangu. Nimeifanya dhambi hiyo kwa miaka. Naiacha. Kuanzia sasa daftari langu lina safu mbili mpya: mipira iliyoporwa, na vichwa vilivyoshindwa au kushindwa kwenye kona. Tuone nani atakuwa nyota.

Makocha wa timu za mitaa nao nawaomba kitu kidogo, hakihitaji hela ya mfadhili. Mazoezini msihesabu pasi 20 mkapiga makofi. Hesabuni sekunde ambazo vijana wanachukua kuurudisha mpira wakinyang'anywa. Na msimwite mtoto punda huku mnacheka.

Ingawa, nikifikiria vizuri, hilo neno sisi watu wa kanda ya kati ndio tungepaswa kulitetea. Toka nje ya mji kidogo, kuanzia huku kwetu hadi Singida, mwezi wa tisa, vumbi jekundu, visima viko mbali. Anayebeba madumu ya maji ni nani? Mgogo hamcheki punda wake. Anajua asipokwenda kisimani asubuhi, jioni hakuna kinachopikwa nyumbani, iwe ugali au biriani.

Mzee, una haki, tulikuwa laini. Vijana, mna haki, pasi si kosa. Ila mkirudi kijiweni na jezi zenu za mapambo, nitawauliza swali moja tu: maji kaleta nani?

Naomba kutoa hoja.