Mkate wa bure, jasho la bure

Wiki hii nakukaribisha mezani, lakini siyo kwa mama ntilie. Twende Paris, kwenye bistro, yaani kihoteli cha kawaida cha Mfaransa: meza zimebanana na vyakula vya siku vimeandikwa kwa chaki ubaoni.

Nilikuwa nimemtembelea dada yangu anayefanya kazi huko. Huyu ndiye aliyenilipia ada mpaka nikamaliza kidato cha nne, kwa hiyo nikaapa: chakula cha mchana leo nalipa mimi. Mfukoni nina euro 40 basi. Ubaoni wameandika kianzio na mlo mkuu euro 18. Watu wawili 36. Nikajipa moyo, hapa siumbuki.

Hatujakaa vizuri, mhudumu katua kapu la mkate. Moyo ukanilipuka! Nani kaagiza mkate? Nikalisogeza kule kama lina nyoka. Dada anamega, mie nahesabu vipande. Mara ikaja chupa ya maji. Jasho likazidi.

Mhudumu akaniuliza steki yangu iiveje. Kifaransa sijui, na kumuuliza dada naona ushamba. Nikadakia neno moja nililolisikia: "saignant". Lo! Kumbe maana yake yenye damu. Ilipokuja, nikiikata inachuruzika. Nikawa natafuna chipsi, nyama naiangalia, nayo inaniangalia.

Dada alicheka mpaka machozi. Akamwita mhudumu kwa adabu, "Monsieur", nyama ikarudishwa motoni, ikaja imeiva sawasawa.

Bili hiyo: euro 36. Mkate bure. Maji ni ya bomba, bure. Hata huduma imo humo humo kwenye bei. Nikalipa kifua mbele.

"Mdogo wangu, mbona mkate hukugusa?" dada akauliza. Nikamweleza ukweli. Alinyamaza kidogo, akasema: "Ungeniuliza tu. Mimi mwaka wangu wa kwanza hapa nilikuwa napita nje nikinusa, naogopa kuingia."

Maneno hayo yaliniingia. Mwaka mzima, jamani, na huku ada yangu ilikuwa inafika kila muhula!

Na wala hoteli za aina hii hazikuanzishwa kwa matajiri. Mwaka 1855 bwana mmoja mwenye bucha, Duval, alianza kuwauzia wafanyakazi wa soko kuu la Paris nyama ya kuchemsha na supu yake. Hoteli hizo zikaitwa "bouillon", maana yake supu. Mojawapo, Chartier, ilifunguliwa 1896 na ipo mpaka leo, na mhudumu anakuandikia bili juu ya karatasi iliyotandikwa mezani. Sasa hiyo ina tofauti gani na supu ya asubuhi pale Kariakoo?

Basi siku ukijaliwa kufika, ingia na salamu kwanza, "bonjour", maana wenzetu bila salamu unaonekana huna adabu. Nenda mchana, bei huwa nafuu kuliko usiku. "Entrée" ni kianzio, usidhani ndiyo mlo wenyewe. Maji ya bure yanaitwa "carafe d'eau". Nyama iliyoiva, sema "bien cuit".

Ukikwama, uliza. Kuuliza si ushamba. Ushamba ni kushinda njaa mbele ya mkate wa bure.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda!