Mizuka ya Mjini na Wanadamu Tunaowageuza Mizuka

Mtoto wa Nyamagana hukua akisikia habari za mizuka. Giza likishatanda juu ya majabali ya Mabatini na Igogo, husimuliwa juu ya mwanamke mzuri anayesimama njiani usiku, mwenye kwato badala ya nyayo. Siku hizi visa vya namna hiyo husomwa hata katika simu.

Muislamu hakanushi kuwepo kwa majini. Qur'an imewataja, na ipo sura nzima yenye jina lao. Lakini kuamini ghaibu ni jambo moja, na kumvisha jirani yako sura ya mzuka ni jambo jingine kabisa.

Sisi wa Kanda ya Ziwa tumeyaona matokeo yake. Ilisimuliwa kwa miaka mingi kwamba mwenye ualbino hafi, bali hutoweka kama mzimu. Kisha, hasa tangu 2007, ndugu zetu hao wakawindwa na kukatwa viungo, kwa kuwa waganga walinadi kuwa viungo hivyo huleta utajiri. Ikasimuliwa pia kuwa kikongwe mwenye macho mekundu ni mchawi. Mabibi wakauawa kwa mapanga Mwanza na Shinyanga, ilhali wekundu ule mara nyingi ulitokana na moshi wa kuni na vinyesi vikavu vya ng'ombe walivyopikia maisha yao yote.

Katika Suratul Israa, aya ya 36, Allah (s.w.) ametukataza kufuata tusiyo na elimu nayo, akatukumbusha kuwa masikio, macho na moyo vitaulizwa. Basi msimuliaji ataulizwa, na msikilizaji naye ataulizwa.

Yupo mwingine tunayemgeuza mzuka: mtoto anayelala barazani mwa duka mjini. Tukimkuta usiku kajifunika gunia, twawaambia wanetu wamkimbie. Huyo hana kwato. Ana nyayo zilizopasuka, na pengine alikimbia kipigo, njaa au nyumba iliyovunjika kwa talaka.

Abu Daud amepokea kwamba Maswahaba walikuwa safarini, mmoja wao akalala, mwenzake akaichukua kamba aliyokuwa nayo, naye akashtuka. Mtume (s.a.w.) akabainisha kuwa si halali Muislamu kumtisha Muislamu mwenzake. Ikiwa kamba tu ilikatazwa, itakuwaje uvumi unaomwaga damu?

Wazazi, wafundisheni watoto Ayatul Kursiy na Muawwidhatayn kabla ya kulala, ili hofu yao iwe kwa Mola wao. Wakileta kisa cha kutisha, waulizeni: nani ameona, na ni nani atakayedhurika kikiaminiwa?

Tena Mtume (s.a.w.) ametuagiza tuwaingize watoto ndani jua linapozama, kwani mashetani hutawanyika wakati huo. Wetu tunawaita waingie, twafunga milango kwa Bismillahi. Wale wa barazani, magharibi inapoadhiniwa, ni nani anayewaita?