Kujibu Siyo Kutukana

Ndugu Mkristu, ukisingiziwa utafanyaje? Katika parokia zetu za Kalemie majibu mawili yanasikika sana, na yote mawili siyapendi.

Wa kwanza asema: "Nami nitamsema." Mtunza fedha wa jumuiya akisengenywa kwamba amekula michango, kabla hajafungua daftari la hesabu amekwisha kufukua ukoo wa msengenyaji mpaka babu yake. Jumapili wote wawili wanapokea Komunyo, kwa ulimi ule ule!

Wa pili asema: "Mkristu hunyamaza." Neno hili lina sura ya utakatifu, lakini mara nyingi ni chuki iliyofungwa mdomo. Mwenye kunyamaza hasalimii tena, amehama hata kwaya. Tena amemwacha mwenzake katika dhambi ya uwongo bila kumsaidia atoke. Je, huo ndio upendo? Bwana wetu Yezu Kristu alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu, hakurudisha kofi, wala hakunyamaza. Alimtaka yule mtumishi aonyeshe ubaya wa neno lake. Wengi hukumbuka shavu la pili, swali hilo wamelisahau.

Tena tunaye mtu wa kwetu. Stefano Kaoze alisoma seminari ya Mpala, hapo kusini pwani ya ziwa. Siku zile Wazungu wengi walisema na kuandika kwamba mtu mweusi hana fikira za ndani, wala hawezi upadri. Neno hilo lilimtukana yeye, na mama yake, na kijiji chake chote. Angaliweza kutupa vitabu. Angaliweza kuwahesabia Wazungu dhambi zao, nazo hazikuwa chache. Yeye, mseminari bado, alishika kalamu. Mwaka 1910 na 1911 gazeti la Revue Congolaise likachapa maandiko yake ya Kifaransa juu ya akili na roho ya Wabantu. Aliyedhaniwa hawezi kufikiri alikuwa akiwaeleza wasomaji wa Ulaya namna watu wake wanavyofikiri! Kisha akangoja miaka mingine. Tarehe 21 Julai 1917, huko Baudouinville, ndiyo Kirungu ya leo, Mgr Roelens akampa upadri, Mkongo wa kwanza wa nyakati hizi. (Ufalme wa Kongo wa zamani ulikuwa na mapadri wake, tusiwasahau.)

Utaniambia: "Kaoze alikuwa msomi, mimi nina nini?" Una daftari lako. Lifungue mbele ya jumuiya, soma sauti kubwa, uliza kosa liko wapi. Likionekana hata kosa dogo, likubali hapo hapo, usimtafutie karani lawama. Na yule aliyekusingizia, kama ameketi nyuma karibu na mlango, mwite mbele kwa jina lake la ubatizo, ahesabu fedha pamoja nawe.