Kitabu cha ardhi kikifunguliwa tena, jina lako litakuwamo?

Kijana wa Malindi, na wewe wa Kilifi na Takaungu, hebu jiulize: hapo kwenu mnapolala pameandikwa jina la nani?

Mwaka 1086, miaka 20 baada ya kuiteka Uingereza, mfalme William alikuwa ameshahesabu mashamba ya sehemu kubwa ya nchi: mwenyewe nani, ng'ombe wa kulima wangapi, thamani kiasi gani. Wenyeji wakakiita kitabu kile Domesday, Siku ya Hukumu, kwa sababu kilichoandikwa mle hakikatiwi rufaa.

Chetu sisi kilikuja 1908. Serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya hati za ardhi hapa Pwani, ikaweka msajili. Anayedai ardhi alipewa miezi 6 apeleke madai yake. Isiyodaiwa ikahesabiwa ni mali ya mfalme wa Uingereza. Sasa fikiria, Mgiriama analima ardhi ya mbari yake, ofisi inataka mtu mmoja na karatasi. Wengi hawakuandikwa kabisa. Uhuru ulipokuja 1963, ardhi ile ikaenda kwa serikali mpya, si kwa waliokuwa wakiilima. Ndiyo maana leo mtu anaitwa skwota kwenye shamba alimozikwa babu yake.

Aprili 2021 serikali ilizindua Ardhisasa, daftari la ardhi la mtandaoni, likaanzia Nairobi. Ni jambo zuri, faili haitapotea tena kabatini. Lakini kompyuta haiulizi hati ilipatikana vipi. Ukiingiza dhuluma ya 1908, itatoka dhuluma ile ile, tena ina muhuri mpya. Tume ya Ndung'u ilishatuambia mwaka 2004 jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa kinyume cha sheria. Madai kama hayo yasikilizwe kwanza, ndipo daftari lifungwe.

Na wewe usikae tu. Kaa na wazee, andika nani alilima wapi na tangu lini, piga picha makaburi na minazi ya zamani. Nenda ofisi ya ardhi mkaangalie hiyo ploti ina jina la nani. Kama ni ya mtu binafsi na mmekaa waziwazi zaidi ya miaka 12 bila ruhusa yake, sheria inawaruhusu kwenda mahakamani kuidai. Kama ni ya jamii, iko sheria ya 2016 ya kuisajili kwa jina la jamii.

Wazee waliokumbuka mipaka wanatutoka kila mwaka. Anza na wako, wiki hii.