Mkanda si wa afande

KITI CHA DIRISHANI, na Mzee Kobe

Wiki hii nilikusudia kuandika tena kuhusu maji ya mtaani kwetu. Maji yatangoja, sisi tumeyangoja miaka. Kuna jambo lililonipandisha hasira Jumanne asubuhi kwenye Barabara ya Jogoo, na nikiliacha lipoe hadi wiki ijayo nitaliandika kwa adabu, nalo halistahili adabu.

Nilipanda matatu ya Buruburu kwenda mjini. Nganya yenyewe ilikuwa mpya, ya viti 33, taa za zambarau, skrini mbele na skrini nyuma, spika za kung'oa meno ya bandia (yangu ni ya kuzaliwa nayo, wambea mtulie). Ubavuni ilichorwa nyuso za wanasoka na wanamuziki kwa rangi ambazo bila shaka ziligharimu zaidi ya kodi yangu ya mwaka mzima. Nikapata kiti changu, mnajua kipi. Nikavuta mkanda. Wa kushoto ulikuja na kifungio. Wa kulia nao ulikuja na kifungio. Vifungio viwili, ulimi wa chuma hakuna. Fundi alipewa kazi ya kujaza viti mikanda, akavijaza, akaenda zake.

Nikamwita makanga. Kijana mwenye heshima kabisa, siwezi kumsingizia.

"Mzee wangu, hiyo ni ya kuwekelea tu," akaniambia. "Nikikuambia uwekelee, unawekelea. Usijali."

Nikauliza, je, tukigonga kitu kabla hajaniambia? Akanitazama kwa huruma, akachukua nauli yangu, akapita.

Tulipovuka Makadara, muziki ukapunguzwa. Ukiona muziki umepunguzwa ndani ya nganya ya Eastlands, ujue kuna msiba au kuna polisi. Makanga akagonga bodi kwa sarafu. "Watu wangu, mikanda! Wako hapo City Stadium!"

Laiti mngeona utiifu ule. Binti aliyekaa kando yangu, wa chuo kwa kumkisia, aliutandaza mkanda mapajani na kuzificha ncha zake mbili chini ya mkoba bila hata kuinua macho kwenye simu. Bwana wa kiti cha mbele aliuvusha begani, mkanda wa kiunoni ule, sijui aliona wapi. Mama mmoja aliyevaa blauzi nyeupe aliushika kwa vidole viwili, akauweka mbali na nguo yake, akasema, "Nimepiga pasi alfajiri mimi, sitaki mafuta ya watu." Na mimi, kwa taarifa yenu, nilikaa na vifungio vyangu viwili mkononi, kimoja huku na kimoja huku, nikimngoja afande aniulize.

Hakuniuliza. Alichungulia dirishani, akaona waumini 33 wametulia, akapiga ubavu wa gari kwa kiganja. Twende. Hatukwenda mita mia, mikanda yote ikaanguka sakafuni, muziki ukarudi, na watu wakacheka. Kicheko hicho ndicho kilichoniudhi. Ni kicheko cha watu waliomshinda mtu, nami nikatafuta ndani ya gari zima ni nani aliyeshindwa.

Sikulazimika kutafuta sana. Kwenye Barabara ya Landhies dereva wetu alikuwa akishindana na nganya nyingine, kwa sababu nganya mbili haziwezi kufuatana kwa amani, na mkokoteni wa viazi ukajitokeza kutoka upande wa Muthurwa. Akakanyaga breki. Gari likatii. Sisi hatukutii. Bwana wa mkanda wa begani alikibusu kiti cha mbele yake. Simu ya binti ikatoweka chini ya viti. Nyuma kabisa kulikuwa na fundi wa ujenzi aliyebeba mkebe wake wa madondo na chapati. Mkebe huo ulisafiri katikati ya viti, ukapita watu wote wenye haraka, ukafika kwa dereva kabla ya kila mtu. Nauli haukulipa.

Hakuna aliyeumia, tuseme alhamdulillahi. Nikangoja sasa. Nikasema moyoni, angalau mmoja atainama auokote mkanda wake. Mama wa blauzi nyeupe? Hapana. Mwenye madondo, ambaye ameona kwa macho yake namna kitu kisichofungwa kinavyokwenda? Hapana. Wakamtukana mwenye mkokoteni hadi tukashuka.

Kwa hiyo leo sitamlaumu makanga wala mwenye gari. Wao nimewalaumu hapa tangu gazeti hili lilipouzwa bei ya andazi, na wamenenepa. Leo zamu ni ya abiria.

Tuanze na hesabu, maana najua watu wa "mjini hakuna mwendo" tayari wameshika kalamu. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likigonga kitu na kusimama, wewe usiyefungwa husimami nalo. Unaendelea na kilomita zako 50 mpaka ukutane na kitu chako mwenyewe cha kugonga. Mwendo huo ndio unaoufikia ukianguka kutoka mita 10 hivi, yaani ghorofa ya tatu ya zile nyumba za Pipeline. Sijaona mtu wa Pipeline akipanda ukingo wa roshani ya ghorofa ya tatu na kusema asishikwe, atajizuia kwa mikono akifika chini. Lakini ndani ya matatu kila mtu ananiambia hivyo hivyo: "Nitashika kiti cha mbele." Utashika? Mtu wa kilo 70 akisimamishwa kutoka mwendo huo kwa sehemu ya kumi ya sekunde, kinachomzuia lazima kihimili nguvu sawa na uzito wa tani moja. Hata wabeba mizigo wa Gikomba, ninaowaheshimu kuliko wabunge, hawana mikono hiyo. Na usinidanganye kuhusu foleni. Foleni ni ya saa moja asubuhi. Saa kumi na moja alfajiri Barabara ya Jogoo iko wazi, na usiku wa manane Outering ni uwanja wa ndege.

Kuna watu wa moto. Hawa wako kila mtaa. "Mzee Kobe, gari likiwaka, mkanda utakufungia ndani." Ajali za moto ni chache mno ukizilinganisha na hizi za kugongana na kubingirika, na hata gari likiwaka, anayetoka ni yule aliye na fahamu. Ukishapasua kichwa kwenye chuma cha kiti, mlango hata ukiwa wazi utamsaidia nani? Ndugu zao ni wale wanaotaka kurushwa nje, eti waangukie nyasi. Nyasi za Jogoo Road! Gari likibingirika na kukutema, unaangukia lami, au gari hilo hilo linakuangukia.

Mswidi mmoja, Nils Bohlin, mhandisi wa Volvo, aliunda mwaka 1959 mkanda ule wa kushika bega na kiuno tunaouona kwenye magari madogo, na kampuni yake ikawaachia washindani wake wautumie bila malipo. Shirika la Afya Duniani linasema mkanda unaweza kupunguza hatari ya kufa kwa karibu nusu kwa waliokaa mbele. Wa matatu zetu mara nyingi ni wa kiunoni tu. Hauzuii kichwa kuinama na kugonga kiti cha mbele. Sikatai. Ila unakuweka kwenye kiti chako, ndani ya gari lako, na hilo peke yake ni nusu ya safari ya kurudi nyumbani.

Sasa, ugonjwa huu ulianzia wapi? Mimi nasema ulianzia Februari 1, 2004, na hamtanitoa hapo. Marehemu John Michuki, alipokuwa Waziri wa Uchukuzi, alileta sheria zake: mkanda kila kiti, vidhibiti mwendo vya kilomita 80, mstari wa manjano, sare za makanga na dereva. Eastlands nzima tulitembea siku hizo, maana matatu nyingi hazikuwa tayari. Sheria ilikuwa nzuri. Mzee aliitekeleza kwa nguvu, na kwa muda matatu ikawa chombo cha watu. Lakini mkanda tulikabidhiwa na askari, tukaufunga mbele ya askari, tukatozwa faini na askari, na tangu hapo tunaamini kwamba ni mali ya askari. Asipokuwapo, tunamrudishia. Novemba 2018 mawaziri Fred Matiang'i na James Macharia wakazirudisha sheria zile zile, tukatembea tena, nauli ikapanda, na ulipofika mwaka mpya mikanda ilikuwa chini ya viti ikifuta vumbi. Uingereza nako walilazimishwa, abiria wa mbele, mwaka 1983, na walinung'unika sana. Ila wao walizoea. Sisi tulizoea kuwekelea.

Mama wa blauzi nyeupe nampa hoja yake moja. Sheria yetu inamtaka mwenye gari la abiria auweke mkanda uwe safi, mkavu na wa kuvalika. Someni tena: safi na mkavu. Mkanda niliouvuta Jumanne ulikuwa na ubuyu, mafuta ya nywele, na kitu cha tatu ambacho sikukichunguza. Lakini mama, ulimgombeza nani? Makanga alipokurudishia chenji pungufu ya shilingi kumi uliita ukoo mzima. Kuhusu mkanda ulinyamaza. Faini ya abiria asiyefunga ni shilingi 500, na nina hakika kwamba ingekuwa chenji, mngeipigania.

Msidhani wenye magari yao wana nafuu. Jirani yangu wa ghorofa ya pili amenunua gari linalopiga kengele dereva asipofunga mkanda. Mtu mwingine angefunga. Yeye alikwenda Grogan, kwenye vipuri vya magari, akanunua ulimi wa chuma usio na mkanda, akauchomeka kwenye kifungio, kengele ikanyamaza. Alinionyesha kwa fahari. Mtu huyu ana shahada. Ametoka nyumbani, akapanda gari, akatoa pesa, ili adanganye gari lake mwenyewe. Nilimuuliza alilipa kiasi gani akakataa kunitajia, kwa hiyo najua alipunjwa.

Barabara za Kenya zinaua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka, na wengi zaidi ni watembea kwa miguu, ambao hakuna anayewashonea mkanda. Wao hawana la kufunga. Wewe unalo, limelala chini ya kiatu chako.

Nimeanza kufanya hivi, na makanga wa njia yetu wameshanichoka: nikipanda, nauliza kwanza kiti chenye mkanda unaofunga. Kisipokuwapo nashuka. Nachelewa, ndiyo, ndiyo maana naitwa Kobe. Makanga wawili wakishakosa nauli yangu si kitu, lakini gari zima la Buruburu likishuka pamoja asubuhi moja, ulimi wa chuma utapatikana Grogan kabla ya saa nne.

Msomaji wangu wa Kayole, najua utaandika. Huandika kila mara. Utasema ajali haina kinga, siku ya mtu ikifika imefika. Sibishani na imani yako, kaka. Nina ombi moja tu kwako na kwa wote wanaosafiri kwa tumaini hilo: msikae nyuma yangu. Mimi nitakuwa nimefungwa kwenye kiti changu cha dirishani, na siku yako ikifika, na kilo zako themanini, itanipata mgongoni.